Kwa nini watu walikubali kupigwa kwa ajili ya Uhuru Park

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi kutoka Nakuru na huu ni mwaka wangu wa pili Nairobi. Jumapili huwa tunakwenda Uhuru Park na wenzangu, tunapanda mashua, tunapiga picha, tunarudi hosteli. Mjomba wangu akisikia nilikuwa huko hunyamaza kidogo, kisha husema kwamba pale kina mama walipigwa, na kwamba ndipo bendera ilipopandishwa mwaka 1963. Mimi naona nyasi, watoto na wauza njugu. Ilikuwaje bustani ya kupumzikia ikawa uwanja wa mapambano? Na sisi wa miji mingine hayo yanatuhusu nini?

JIBU: Nianze na jambo moja alilokosea mjomba wako, kisha nimuunge mkono kwa mengine yote. Bendera ya Kenya haikupandishwa Uhuru Park. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ilipandishwa Uhuru Gardens, kule Lang'ata Road. Majina yanakaribiana na hata wenyeji wa Nairobi huyachanganya, kwa hiyo usimlaumu. Uhuru Park ilikuja baadaye: Mzee Jomo Kenyatta aliifungua rasmi tarehe 23 Mei 1969. Lakini kuhusu kina mama yuko sawa kabisa, na ukimya wake nauelewa.

Swali lako linachukulia kwamba kupumzika na kupambana ni mambo yaliyo mbalimbali. Nairobi hayajawahi kuwa mbali. Katika jiji hili, kukaa chini ya mti bila kulipa na bila kuulizwa unangoja nani ni haki iliyochelewa sana kumfikia mtu wa kawaida. Ukichunguza kila vurugu iliyotokea Uhuru Park utaikuta haki hiyo chini yake.

Tazama bustani yenyewe ilipo. Mashariki inapakana na Uhuru Highway, na ng'ambo ya barabara hiyo liko Bunge na katikati ya jiji. Kaskazini kuna Kenyatta Avenue, na ukiivuka unaingia Central Park. Magharibi ardhi inapanda kuelekea Upper Hill. Wakati wa Mwingereza barabara hizo zilikuwa na majina mengine: Uhuru Highway iliitwa Princess Elizabeth Way, Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue. Na kabla ya barabara, reli yenyewe ilipita hapo inapopita Uhuru Highway leo. Sehemu za juu, zenye hewa nzuri na udongo mzuri, zilikuwa za Wazungu. Wahindi walikaa Ngara na Parklands. Mwafrika aliwekwa mashariki, Pumwani, Kaloleni, Makongeni, na huko mjini aliingia akiwa na kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni, kwa ajili ya kazi, na kazi ikiisha alitakiwa aondoke. Kulikuwa na sheria ya uzururaji: mtu aliyekutwa mjini hana kazi wala makao ya kueleweka alikamatwa. Sheria hiyo haikuondoka na Mwingereza. Ilibaki kwenye vitabu vyetu hadi ilipofutwa mwaka 1997, katika marekebisho yaliyofanywa kabla ya uchaguzi wa mwaka ule. Fikiria maana yake: kwa miaka zaidi ya thelathini ya uhuru, Mkenya aliyekaa tu mjini angeweza kutiwa mbaroni kwa kukaa.

Bustani zilikuwepo hata zamani. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alilipa mji Jeevanjee Gardens mwaka 1906, na Arboretum ilianza 1907 kama shamba la kujaribia miti ya kuni za treni. Lakini bustani kubwa iliyowekwa na serikali huru, kwa jina la uhuru, pale pale kwenye mpaka uliotenganisha mji na mlima wa Wazungu, hiyo ilikuwa Uhuru Park. Takriban hekta 12.9 za ardhi ghali kuliko karibu ardhi nyingine yote nchini, zikaachwa ziwe nyasi. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa maamuzi bora yaliyofanywa Nairobi katika miaka ile ya mwanzo, na sidhani kwamba waliolifanya walijua limebeba nini.

Maisha ya kila siku ya bustani hiyo hayaandikwi sana, kwa sababu hayana tarehe. Asubuhi na mapema ni njia. Watu wanaotoka Kibera na kando ya Ngong Road kwa miguu, ili nauli ya matatu ibaki mfukoni, hushuka Upper Hill na kukata bustanini kuingia mjini. Jioni hupanda tena. Saa saba mchana ni chumba cha kupumzikia cha wafanyakazi wa jiji zima. Karani ameegemea mti, koti amelikunja kichwani kama mto. Mlinzi wa zamu ya usiku analala usingizi mzito, viatu amevivua na kuvilalia. Kijana amekaa na bahasha ya kaki yenye vyeti, anangoja saa nane ofisi zifunguliwe. Mhubiri amesimama na Biblia na kipaza sauti kidogo, na mbele yake watu wachache, wengine wanamsikiliza, wengine wamefuata kivuli tu. Wachuuzi wanapita na njugu karanga kwenye vikaratasi, mayai ya kuchemsha na kachumbari, smokie, maji baridi, huku jicho moja likiwatafuta askari wa kanjo, yaani wa halmashauri ya jiji. Wapenzi wana sehemu zao, na kila mtu ana adabu ya kutotazama huko.

Jumapili na sikukuu bustani hubadilika. Krismasi na Mwaka Mpya familia humiminika kutoka Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, watoto wamevaa nguo mpya, na foleni ya mashua inazunguka ziwa. Wapiga picha wa Uhuru Park ni watu wa kuheshimiwa katika historia hii. Kabla ya simu za kamera, albamu nyingi nchini zilikuwa na picha moja iliyopigwa pale: shangazi aliyekuja kutembea mjini, mkono kiunoni, nyuma yake maji na maghorofa. Ukifika nyumbani kwenu Nakuru hebu ifungue albamu ya zamani. Sitashangaa ukiikuta.

Ninayasimulia haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanataka kuchukuliwa mwaka 1989.

Mwaka ule Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kwa mujibu wa sheria, KANU, na chama kilikuwa na gazeti lake, Kenya Times, kwa ushirika na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Ukatolewa mpango wa kujenga ndani ya Uhuru Park jengo la ghorofa 60, refu kuliko yote Afrika, lenye ofisi za chama na gazeti, ukumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000, na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa takriban dola milioni 200 za Marekani, nyingi zikiwa mkopo.

Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 ya kuwahimiza wanawake wa vijijini wapande miti, alipata habari akaanza kuandika barua. Nataka uone silaha yake ilikuwa nini. Hakuwa na chama, wala mbunge, wala gazeti. Aliandika kwa wenye mradi, kwa ofisi ya Rais, kwa tume iliyoendesha jiji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyo Nairobi, na kwa balozi wa Uingereza, kwa kuwa Maxwell alikuwa raia wake. Aliuliza kama Waingereza wangekubali jengo kama lile lijengwe Hyde Park, au Wamarekani Central Park ya New York. Na hoja yake kuu ilikuwa ya watu niliokueleza: tajiri ana bustani nyumbani kwake, ana klabu na uwanja wa gofu. Familia inayoishi chumba kimoja itampeleka mtoto wapi Jumapili?

Majibu aliyopata yalikuwa matusi. Mwezi Novemba wabunge waliacha shughuli nyingine na kumjadili yeye, na mmoja wao akaiita Green Belt kundi la wanawake walioachika. Bunge hilo, kama nilivyosema, liko ng'ambo tu ya barabara kutoka kwenye nyasi zilizokuwa zinazungumziwa. Akaenda mahakamani. Desemba 1989 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Jaji hakuamua kama jengo ni zuri au baya. Aliamua kwamba Wangari hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote. Shika hoja hiyo, tutairudia. Siku ya Jamhuri, 12 Desemba, Rais Moi akihutubia Uhuru Park penyewe alisema kwamba kama mama huyo angekuwa mwanamke kamili wa mila za Kiafrika, angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Baada ya hapo Green Belt ilifukuzwa katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia, ikapewa saa 24, na kazi yote ikahamia kwenye nyumba yake ndogo mtaa wa South C.

Lakini barua zilikuwa zimefika zilikotumwa. Magazeti ya nje yaliuliza, na wafadhili wakauliza swali gumu zaidi: nchi inayoomba msaada inakopaje pesa zote hizo kwa ghorofa la chama? Mapema 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukazimika. Mwanzoni mwa 1992 uzio uliokuwa umezunguka eneo la ujenzi ukaondolewa kimyakimya.

Watu huhadithia ushindi huo kama ushindi wa mtu mmoja jasiri, na ujasiri ule nauheshimu kwa moyo wote. Lakini kuna jambo jingine hupita bila kuonwa. Kabla ya 1989, ni nani aliyewahi kuipinga serikali ya Moi hadharani juu ya jambo kubwa namna ile, akabaki nchini, na serikali ikarudi nyuma? Wengi walikuwa wamekwenda jela au uhamishoni. Bustani iliwaonyesha watu kwamba inawezekana. Ndiyo sababu mapambano yaliyofuata yalikuja kutua papo hapo.

Na yalikuja upesi. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Lakini ndani ya magereza walibaki vijana waliofungwa kwa kudai jambo ambalo sasa lilikuwa halali. Mama zao, wengi wao wazee kutoka mashambani, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake mfungwa wa kisiasa Koigi wa Wamwere, waliona hakuna mantiki. Tarehe 28 Februari 1992 walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wakiwa na Wangari Maathai, wakaeleza shida yao, wakaambiwa itaangaliwa. Wakajibu kwamba watangojea Uhuru Park, na wakaanza kususia chakula. Waliipa sehemu waliyokaa jina la Freedom Corner.

Kwa siku chache bustani ikawa mahakama isiyo na jaji. Watu walikuja na maji na blanketi, kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja na kusema yaliyowapata. Ukiwa pale inua macho kuelekea Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Ghorofa lile ni Nyayo House. Ndani ya vyumba vyake vya chini ya ardhi watu waliteswa katika miaka ya 1980, huku juu yao raia wakipanga foleni za pasipoti. Waliotoka humo walisimulia wakiwa wanalitazama jengo. Wengi wa waliosikiliza walikuwa wanasikia habari hizo hadharani kwa mara ya kwanza.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na vitoza machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu, akakimbizwa hospitali. Na wazee wale, walipoona vijana wenye umri wa wanao wanawainulia rungu, baadhi yao walivua nguo. Usilichukulie hilo kama wazimu wala kama mchezo wa kutafuta kamera. Kwa Wakikuyu, na kwa jamii nyingi nyingine za Kenya, mama mzee kumvulia nguo kijana ni laana, na hakuna laana nzito zaidi anayoweza kuitoa. Kila askari aliyekuwa pale alijua maana yake. Nadhani hapo ndipo mjomba wako huishia kunyamaza.

Kina mama hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa la All Saints lililo jirani na bustani, wakakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka mapema 1993 karibu wana wao wote walipokuwa wameachiliwa.

Bustani hiyohiyo ilikuwa pia ukumbi wa heshima wa taifa, na hapa nitapita haraka kwa sababu habari zake zimeandikwa kwingi. Papa Yohane Paulo II aliongoza ibada pale, na ile ya Agosti 1985 ilifunga Kongamano la Ekaristi la dunia. Oktoba 2002 mwanasiasa Raila Odinga alisimama jukwaani akatamka "Kibaki Tosha", yaani Kibaki anatosha kuwania urais, na tarehe 30 Desemba mwaka huohuo Mwai Kibaki aliapishwa kuwa Rais palepale, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa jeraha la ajali, mbele ya umati ambao ardhi ya bustani haikuonekana kwa miguu ya watu. Tarehe 8 Oktoba 2011 Wangari Maathai, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliagwa kitaifa pale pale Freedom Corner. Taifa lilimpa heshima zake za mwisho kwenye nyasi ambazo lilikuwa limempigia.

Siku nyingine za bustani zilikuwa za kufungiwa. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua mauaji, polisi wa kikosi cha GSU waliizunguka Uhuru Park bega kwa bega ili mkutano wa upinzani usifanyike. Tarehe 30 Januari 2018 Raila alijiapisha pale kuwa "rais wa wananchi", na serikali ikazima stesheni kubwa za televisheni. Utaona kwamba kila anayetaka kusema na Kenya nzima hutaka kusema akiwa pale, na kila anayetaka asisikike huzingira palepale. Kamukunji, kule Eastlands, ni uwanja wa siasa wa zamani zaidi, na Saba Saba ya 1990, maandamano ya tarehe 7 Julai ya kudai vyama vingi, ilikuwa yake. Lakini Kamukunji ni ya upande mmoja wa jiji. Uhuru Park iko usoni pa Bunge.

Nirudi kwenye ile hoja ya jaji. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa rasmi, na sherehe ilifanyika Uhuru Park. Ndani ya Katiba hiyo Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema kwamba mtu akiona haki hiyo inavunjwa au inatishiwa anaweza kwenda mahakamani, na kinaongeza wazi kwamba halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Ule mlango aliofungiwa Wangari Desemba 1989 sasa uko wazi kwa maandishi, na karatasi zenyewe zilitiwa saini kwenye bustani iliyokuwa chanzo cha kesi. Nimeifundisha historia ya miji kwa muda mrefu na sijui mfano mwingine wa nyasi kuacha alama namna hiyo katika sheria ya nchi.

Alama hiyo ilijaribiwa mwaka 2019. Ilipojulikana kwamba barabara ya juu ya Nairobi Expressway ingemega kipande cha Uhuru Park, kelele zilizuka ndani ya siku chache, nyingi za vijana ambao 1989 hawakuwa wamezaliwa. Serikali ikabadilisha mchoro. Barabara ilijengwa, ikaanza kutumika Mei 2022, na leo inapita juu karibu kabisa na bustani, lakini bustani ilibaki. Wangari alihitaji miezi na balozi na wafadhili. Safari hii ilitosha watu kujua kwamba bustani ina wenyewe.

Kuna sanamu moja nataka uitafute ukienda tena. Iko Freedom Corner, ilizinduliwa Septemba 2015, na ililipiwa na serikali ya Uingereza baada ya mwaka 2013 kukubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na wote wawili wametazama kando. Ndivyo ilivyokuwa msituni: usimtazame usoni anayekulisha, ili ukikamatwa na kuteswa usiwe na sura ya kumtaja. Kwa hiyo bustani iliyofunguliwa 1969 sasa inabeba hata kumbukumbu za miaka ya 1950. Wachuuzi hupumzika karibu nayo, watoto huizunguka wakikimbizana, na sioni ubaya wowote. Wanawake waliobeba chakula kwenda msituni walikuwa watu wa sokoni na wa mashambani, wangekuwa kwao pale.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi, maana hukuuliza lakini swali lako linagusa. Septemba 2021 Uhuru Park na Central Park zilifungwa ili zitengenezwe, na zikakaa zimefungwa muda mrefu. Kutengenezwa kulihitajika: nyasi zilikuwa zimekufa, taka zilitapakaa, na jioni watu waliporwa. Mwanamke aliyeogopa kukata bustani saa moja usiku hakuwa na uhuru wowote pale, na taa na njia nzuri ni haki yake. Lakini bustani huchukuliwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni jengo la ghorofa 60, na hilo kila mtu huliona. Ya pili ni polepole: lango linalofungwa mapema, ada ndogo ya hiki, ada ndogo ya kile, hema la harusi la kukodi, mlinzi anayemuuliza mwenye viatu vilivyochakaa anakwenda wapi na asimuulize mwenye viatu vinavyong'aa. Ya pili haina siku ya kuandamana. Unaamka siku moja unakuta bustani ni safi, ni nzuri, na karani aliyekunja koti hayupo, yule mlinzi wa usiku hayupo.

Ninapopita Uhuru Park leo huwa natazama kwanza kama kuna mtu amelala. Nikimkuta amelala kwa amani, najua bustani bado inafanya kazi yake. Na siku ya 7 Julai 2024, majuma machache baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha, wenzao walikusanyika pale kwa tamasha la kuwakumbuka. Walikuja na muziki, bendera na maua. Hakuna aliyewafundisha waende wapi.

Kuhusu Nakuru. Jiji lenu, maana limekuwa jiji tangu Desemba 2021, lina Nyayo Gardens katikati kabisa, na wewe unajua vizuri kuliko mimi ni nani hukaa pale saa saba mchana. Ardhi ya bustani ya umma haipotei siku tingatinga linapokuja. Hupotea miaka kadhaa kabla, kwenye ramani na kwenye hati. Kwa hiyo anza huko. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Iandikie kaunti uulize ukubwa wa Nyayo Gardens kwenye ramani ya upimaji, hati yake iko kwa jina la nani, na kama kuna sehemu imekodishwa. Uliza pia ni lini mpango wa matumizi ya eneo lile utaletwa kwa wananchi kutoa maoni, na nenda siku hiyo, uende na wale wanaolitumia, wachuuzi na wapiga picha na wazee wa benchi, maana kwenye vikao hivyo huonekana zaidi wenye miradi. Ukiona ukubwa wa kwenye karatasi haulingani na ulioko ardhini, iko Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Huko hutaulizwa wewe binafsi umeumia wapi.

Na mwombe mjomba wako mwende naye Jumapili moja. Mwambie akuonyeshe walipokaa kina mama, maana yeye ana mengi ya siku zile ambayo mimi siwezi kukuandikia hapa.